Chuma Kilichokataa Maji

Pengine haya angepaswa kuyasimulia kaka yangu, maana nyundo alishika yeye. Mimi nilikuwa nazungusha feni tu. Lakini kaka haandiki, na akianza kusimulia hafiki mwisho. Akikaribia pale penye ufa anapapasa mifuko akitafuta ugoro, na habari inaishia hapo. Kwa hiyo naandika mimi niliyeishia darasa la saba, na nitajitahidi nisimwonee mtu. Nikikosea jina la kitu, msomaji anisamehe. Vitu vyenyewe niliviona.

Karakana yetu ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya mji wa Karatu, ukishika njia ya Ganako. Ndani palikuwa na shimo la moto, feni ya kupuliza mkaa niliyoizungusha kwa rimu ya baiskeli, kipande cha reli kilichochimbiwa chini ambacho kaka alifulia juu yake, na hori la mbao lenye maji. Hori tulilirithi kwa baba. Maji yake hayakuwahi kumwagwa. Yakipungua yaliongezwa, na chini kulikuwa na tope jeusi la miaka yote aliyofua baba. Kaka aliamini tope lile lina kazi yake. Mimi sikuwahi kuamini wala kukataa.

Sisi ni Wadatoga wa ukoo wa wahunzi, watu wa kule bondeni upande wa ziwa Eyasi. Kwa wenzetu mhunzi ni mtu wanayemhitaji na mtu wanayejitenga naye. Walikuja kwa baba kutaka mikuki na kengele za ng'ombe, wakakaa, wakacheka naye, lakini binti hawakuoa kwetu wala hawakutuoza wa kwao. Na chuma hawakukipokea kikavu kutoka mkononi mwake. Mnunuzi alikuja na samli yake au mafuta ya kondoo, akakipaka chuma kwa mkono wake mwenyewe, ndipo akakichukua. Walisema chuma kikitoka kwa mhunzi bado kina joto lake, na mafuta ndiyo yanayolitoa. Sijui kama koo nyingine za wahunzi zina desturi hiyohiyo. Nasema tulivyolelewa sisi. Baba hakuchukia. Alituambia kazi yetu ni moto na maji, mafuta ni ya mwenye kununua. Mhunzi kukipaka chuma mafuta ilikuwa sawa na kula baraka ya mteja kabla mteja hajaipata.

Baba alipohamia Karatu wateja wake wakawa wakulima, Wairaqw, ambao habari ya samli hawakuijua. Alifua majembe, mapanga, na zaidi ncha za plau, kile kipande cha mbele kinachochana ardhi. Chuma alikipata Oldeani. Kwenye mashamba ya kahawa kulikuwa na malori na matela ya zamani yaliyokufa wakati wa wazungu, na springi zake zilikuwa bado zimelala kwenye nyasi. Baba alizifua, akazipasha moto mpaka zikawa na rangi ya papai lililoiva, akazitumbukiza kwenye hori. Kwetu hilo tuliita kunywesha. Chuma kikishakunywa kilikuwa kigumu, tupa inateleza juu yake kama juu ya kioo. Kisha alikirudisha kwenye majivu ya moto kidogo, kikageuka rangi ya asali, na hapo kazi ilikuwa imekwisha. Sikumbuki mteja aliyerudisha ncha ya baba. Huenda walikuwepo nami sikuambiwa.

Springi za Oldeani ziliisha. Baba naye alikuwa ameshakufa. Kaka akaanza kuchukua springi kwenye gereji za magari ya watalii, maana barabara ya kupanda kreta na kushuka kule Serengeti haina huruma, na kila gereji ina lundo la springi zilizokatika. Mwanzoni tulidhani tumepata. Kaka alisema, "Baba alikuwa akitembea mpaka Oldeani kutafuta chuma. Mimi chuma kinaletwa na Wazungu mpaka mlangoni, tena wanakuja na kamera."

Ncha zikaanza kupasuka. Si zote, na si mara moja. Moja ilipasuka shambani, ikasemwa ni jiwe. Nyingine ikapasuka, ikasemwa ni maksai wakorofi. Wateja wakapungua polepole, hakuna aliyegombana nasi. Mjini kulikuwa na duka la pembejeo lililoleta ncha za kiwandani kutoka nje, zimepakwa rangi nyekundu, na mwenye duka alikuwa mtu mstaarabu tu anayefanya biashara yake. Siwezi kusema alituharibia. Watu walikwenda kwake kwa miguu yao.

Aliyebaki nasi ni mzee mmoja wa Kansay, mkulima, kiongozi wa kikundi cha watu wanaolima kwa plau. Yeye ndiye peke yake, Mwiraqw na wala si wa kabila letu, aliyeshika ile desturi ya mafuta. Baba alimweleza zamani, akaipenda. Mimi aliniita ayo, mama kwa lugha yake, ingawa kwa umri ningeweza kuwa binti yake.

Alikuja kabla ya mvua, wakati ardhi bado imekauka na watu wanakarabati plau zao. Alimkuta kaka anakata springi.

"Fundi! Babu yako aliiba ng'ombe wa babu yangu, na mimi bado nakuja kukununulia chuma. Nina akili kweli?"

"Hakuiba," kaka alisema bila kuinua kichwa. "Mlikuwa mmelala, akawasaidia kuchunga."

"Akachunga mpaka Eyasi?"

"Majani yalikuwa huko, mzee."

Walicheka. Kisha mzee akakaa kwenye kigogo na uso wake ukabadilika. Akasema kikundi chake kimebishana. Wengi wanataka kununua ncha za dukani kwa plau zote za kikundi. Yeye amewaomba msimu mmoja, huu, wachukue za kaka. Zikishika, kikundi chote kitakuwa chetu kila mwaka. Zisiposhika hatakuwa na neno la kuwaambia tena.

"Sikutishi, fundi. Nakuambia nilivyosimama mimi."

"Umesimama vizuri," kaka alisema. "Nitafua."

Mzee alipoondoka kaka hakuendelea kukata. Alikaa akiangalia lile lundo la springi. Mke wake aliondoka zamani akarudi kwao, mifugo hana, shamba hana. Alichokuwa nacho ni kile kibanda, na kibanda kilikuwa kinasubiri Kansay. Tulilijua sote wawili.

Tulifua ncha ya kwanza ya kazi ile asubuhi moja yenye ukungu. Ilitoka nzuri, imekaa sawa, kaka mwenyewe aliigeuzageuza akiisifia. Akaipasha moto, akaitumbukiza kwenye hori. Maji yakalia, mvuke ukapanda, na ndani ya ule mlio nikasikia mlio mwingine mdogo, kama kijiti kikavu kinachokanyagwa. Alipoitoa kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele kuanzia ukingoni hadi kwenye tundu la bolti. Akafua ya pili. Ikalia vilevile. Ya tatu haikulia, tukafurahi, akaigonga kidogo kwenye reli ikakatika vipande viwili, na ndani ilikuwa ya kijivu yenye chembechembe kama sukari guru.

"Umezungusha sana feni," aliniambia.

Inawezekana. Nikazungusha polepole. Ikapasuka.

"Umezungusha kidogo."

Hapo nilikasirika, lakini nikijiuliza leo naona alikuwa anatafuta kitu kinachoweza kurekebishwa, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Kulikuwa na mnunuzi wa vyuma chakavu tuliyefahamiana naye, anayepakia lori na kupeleka kwenye kiwanda cha chuma huko Arusha. Nikamwomba lifti. Nikazifunga zile ncha zilizopasuka kwenye kitenge, nikaenda nimekaa mbele karibu na dereva, na nyuma yetu springi, mabati, fremu za vitanda na injini zinagongana njia nzima. Kaka hakunizuia. Alisema tu, "Nenda, mwalimu. Ukirudi utufundishe," na mwalimu ni jina alilonipa la kunitania kwa sababu ya kuandika kwangu.

Kiwandani mlinzi hakutaka kuniingiza, na alikuwa na haki, sikuwa na shughuli inayoeleweka. Lakini mwenye lori akamweleza, mlinzi akapiga simu, na mchana akatoka mwanamke kijana aliyevaa koti la bluu na kofia ngumu. Kazi yake ilikuwa kupima chuma. Akanisikiliza nikiwa nimesimama na kitenge changu kama mtu aliyeleta mihogo. Hakucheka. Akanipa kofia, akanipeleka kwenye chumba chake, akasaga upande mmoja wa ncha, akaiweka kwenye mashine. Mashine ikapiga cheche moja kali, na kwenye kioo yakatokea majina na namba.

"Hii ina kromu," alisema. "Na manganizi ya kutosha. Mnaipoza kwa nini?"

"Kwa maji."

"Basi ndiyo maana, mama. Hii haitaki maji."

Nikamwomba anieleze taratibu, maana nitaulizwa. Akasema chuma cha zamani, cha malori yale ya baba, huenda kilikuwa chuma na kaboni tu, na hicho lazima kipozwe haraka sana ndipo kiwe kigumu, kwa hiyo maji yalikifaa. Lakini wenye viwanda walitaka springi ivumilie zaidi, ekseli isikatike, gia isilike. Wakawa wanaongeza vitu wakati chuma kimeyeyuka, kromu kidogo, manganizi, silikoni, kila kazi na mchanganyiko wake. Meno ya katapila yana wake, beringi zina wake. Chuma kilichochanganywa hivyo kinakuwa kigumu hata kikipoa polepole, mpaka ndani kabisa. Ukikitumbukiza kwenye maji nje kinajikaza ghafla na ndani bado kimevimba kwa moto.

"Kinashtuka," alisema. "Kinajipasua chenyewe."

"Sasa tufanyeje?"

"Oili. Hata oili chafu ya gari. Ipasheni kidogo kwanza, isiwe ya baridi. Halafu mkirudishe kwenye moto mdogo kama mnavyofanya."

Nikamuuliza kama springi zenyewe zinatengenezwa pale. Akanipeleka mpaka mlangoni pa jengo kubwa. Sumaku ilikuwa imening'inia kwenye mnyororo, inanyanyua chuma chakavu kwa rundo na kukiachia ndani ya tanuri la umeme lililokuwa kama kisima, na kisima kile kilinguruma hadi nikahisi kwenye meno. Joto lilinisukuma nyuma. Kwenye ukingo niliona chuma kikiwa maji, cheupe, ukikiangalia macho yanatoka machozi.

"Hapa tunatengeneza nondo tu," alisema karibu na sikio langu. "Za kujengea. Chuma cha springi kinatoka nje. Kule wanachagua wanachoyeyusha, wanapima, wanaongeza, wanapima tena, wanatoa uchafu na hewa, wanamimina, wanakipitisha kwenye rola kingali chekundu mpaka kiwe bapa. Sisi tunachanganya chochote kinacholetwa."

"Na springi zilizomo kwenye lori nililokuja nalo?"

"Zitaingia humo. Zitakuwa nondo."

Nilitamani kusikitika, nikaona sina haki. Watu wanahitaji nyumba.

Alinisindikiza hadi getini, na pale alisema jambo ambalo naliandika kwa sababu nataka iwe wazi kwamba alilisema. "Mama, mimi nimepima hii moja tu. Nyingine sijaziona. Kuna springi halisi, kuna za bei rahisi, kuna za kuiga, na kwa macho zote ni sawa. Siwezi kukuahidi." Nilimwambia kaka maneno hayo kama yalivyo. Sikuficha neno.

Lakini kaka hakufika kwenye maneno hayo. Alikwamia kwenye oili.

"Mafuta?"

"Oili. Oili chafu ya gereji."

"Oili ni nini kama si mafuta?"

"Ni mafuta, lakini si ya kupaka. Ni ya kupoza."

"Mimi nikitumbukiza chuma kwenye mafuta, mteja akija apake nini? Maji?"

Nikamwambia wateja siku hizi ni wakulima, hawajali. Akasema mzee wa Kansay anajali, na ndiye mteja tuliyebaki naye. Nikamwambia mzee akichagua kati ya mafuta na ncha nzima atachagua ncha nzima. Akasema, "Wewe umekwenda Arusha mara moja umerudi humjui baba yako." Hilo liliniuma. Lakini na mimi nilimwambia kwamba hori lake linanuka, na hilo nalo lilikuwa baya.

Tulikaa hivyo, mkaa hauwashwi, mawingu yameanza kukaa juu ya msitu wa Ngorongoro kila jioni. Kaka alikuwa akienda kibandani asubuhi, anafagia, anarudi. Baadaye alinituma Kansay nikamweleze mzee kila kitu, nisiongeze wala nisipunguze. Nikaenda. Mzee alinisikiliza akiwa anapukuchua mahindi, akacheka kwanza, halafu akaona sicheki.

"Kwa hiyo tatizo ni nani anatoa mafuta."

"Ndiyo, mzee."

"Yakiwa yangu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo, wala kaka. Mzee alikuja kibandani kwa bodaboda, amepakata dumu la oili chafu iliyotolewa kwenye lori la jirani yake, suruali imeharibika kabisa.

"Wenzenu walipeleka samli kwa baba yako," alimwambia kaka. "Mimi nimekuletea oili ya lori. Mke wangu ameniambia nisirudi na suruali hii. Chukua, mafuta ni yangu, na baraka ni yangu. Wewe tumbukiza tu."

Kaka alilishika lile dumu kwa mikono miwili. Tukakata pipa, tukamimina, tukapasha oili kwa kutumbukiza chuma chekundu kama tulivyoambiwa. Ncha ya kwanza ilipoingia moto ulipanda juu ya pipa, moshi mweusi ukajaa kibandani, sote watatu tukatoka nje tunakohoa, mzee anacheka na machozi yanamtoka. Chuma hakikulia. Kikapoa. Kaka akapitisha tupa kwenye ukingo, ikateleza. Akairudisha kwenye moto mdogo mpaka ikawa na rangi ya asali inayoelekea zambarau, akaipiga kwenye reli kwa nyundo kubwa. Reli ililia. Ncha haikuwa na alama.

Sijui niseme nini juu ya siku zilizofuata. Kaka alifua akiimba. Nilizungusha feni mpaka kiganja kikachubuka, na nilikuwa na raha. Aliipima kila ncha kwa tupa, ukingo mzima, hakuruka hata moja. Zilipokamilika mzee akaja na wenzake kuzichukua, wakazifunga kwenye magunia, na mvua ilinyesha siku ileile jioni. Kama hadithi ingekuwa yangu kuitengeneza ningeimalizia hapo.

Mzee alirudi wakati mahindi ya watu wengine yalikuwa yameshaota. Alikuwa na gunia. Hakutania mlangoni, akasalimia tu, akalimwaga gunia chini. Ncha zilikuwa zimepinda. Hazikukatika, ukingo wake ulikuwa bado mkali, lakini nyuma ya ukingo, pale penye unene, zilikuwa zimekunjika juu kama mkeka ulioanza kukunjwa. Udongo wa Kansay una mawe chini.

"Si zote," mzee alisema. "Nataka niwe mkweli. Ile ninayolimia mimi sijawahi kuona ncha kama ile, siirudishi. Na jirani yangu yake ni nzima. Lakini hizi ndizo zilizopinda, na tulikuwa katikati ya shamba, fundi, mvua inanyesha. Nusu nzuri, nusu mbaya, na sura ni moja. Niwaambieje wenzangu?"

Kaka alichuchumaa akaziokota moja moja. Alipima kwa tupa. Kwenye ukingo tupa iliteleza. Kwenye sehemu nene iling'ata kama kwenye bati. Ngozi tu ndiyo iliyokuwa imekaza. Nadhani zile zilikuwa za springi nyingine, zenye mchanganyiko kidogo au zisizo nao, ambazo zilitaka maji ya baba. Nasema nadhani. Mashine ya cheche iko Arusha.

"Wameshanunua za dukani?" kaka aliuliza.

"Wameshanunua."

"Wamefanya vizuri."

"Fundi, mimi niliwaambia..."

"Mzee, wamefanya vizuri. Mvua haisubiri."

Mzee alibaki kidogo, akaniangalia kama vile mimi ningeweza kusema kitu. Nikampa uji. Akanywa akiwa amesimama, akashukuru, akaenda.

Baada ya hapo kaka alijaribu kuchambua. Sitaki mtu adhani alikata tamaa haraka. Alizipeleka springi kwenye gereji, akaziweka kwenye grinda akiangalia cheche, hii cheche ndefu, hii fupi, hii ina matawi. Alikata vipande vidogo, kimoja maji, kingine oili, akagonga, akavunja. Kipande kimoja kilipasuka kwenye maji, cha pili kutoka gari lilelile kikawa laini kwenye oili. Dereva wa gari akasema springi moja waliibadilisha njiani na hajui ilitoka wapi. Dereva naye ungemlaumu kwa lipi? Ana wageni, gari limelala porini, anafunga inayopatikana. Kujaribu kila kipande bapa cha springi kulikula mkaa mwingi kuliko kufua kwenyewe, na wakati kaka anajaribu hakuna aliyekuja kununua.

"Baba alikijua chuma chake kwa sababu kilikuwa kimoja," aliniambia siku moja, amekaa kwenye kigogo cha wateja. "Hakuwa na akili kunizidi. Kilikuwa kimoja tu."

Nikamwambia tunaweza kununua bapa mpya za kiwandani, zilizoandikwa mchanganyiko wake, tukajua zilivyo. Akaniuliza ukinunua bapa mpya ukaifua, utaiuza vipi kwa bei ya kushindana na ile nyekundu ya dukani inayotoka kwenye rola ikiwa imeshamaliza kila kitu? Hesabu sikuijua vizuri lakini jibu nililijua.

Mkaa ulipoisha hatukununua mwingine. Hakuna siku iliyotangazwa kuwa ya mwisho. Mwenye kiwanja alikuja akauliza kwa upole kama bado tunakitumia kibanda, kaka akasema hapana, na neno lilikuwa limeshatoka.

Aliyempa kazi ni yule yule mzee. Maksai wake walihitaji mtu mwenye mabega, yeye umri umemfika, akamwambia kaka, "Njoo ulime nami. Utakula, na utanitukania babu yangu bure." Kaka akaenda. Wako watu watakaosema ni aibu, mhunzi kuwa kibarua wa kushika plau. Mimi nilishukuru, na bado nashukuru, ila shukrani hiyo haijanifanya nilale vizuri.

Msimu uliofuata nilikwenda Kansay kumpelekea makande. Alikuwa anafungua shamba la mtu mwingine wa kikundi, mzee ametangulia kuwaongoza maksai, kaka nyuma ameinamia mishikio. Plau ilikuwa na ncha ya dukani. Rangi nyekundu ilikuwa imeshalika yote, chuma kinang'aa kila kilipotoka kwenye udongo. Walipofika mwisho wa mstari mzee alisimamisha ng'ombe wapumue, kaka akanyoosha mgongo akaniona.

"Umekuja."

"Nimekuja. Ikoje?"

Alijua nauliza nini. Akaipiga plau teke kidogo ikalala ubavu, akaitazama ile ncha kwa muda, akainama akaigusa kwa kidole pale nyuma ya ukingo, penye unene.

"Ni nzuri."

"Kuliko zetu?"

Alifikiri. Kaka si mtu wa kujibu ili akufurahishe.

"Kuliko zile zetu mbaya. Zile nzuri zetu ni sawa na hii." Akafuta kidole kwenye suruali. "Lakini hizi zote ni kama hii."

"Fundi!" mzee aliita kutoka mbele. "Hawa Wadatoga wakianza kuongea ng'ombe wanalala!"

Kaka akainua plau, akaikaza ardhini kwa uzito wake wote, mzee akawapigia maksai mluzi, na ncha ikaingia bila shida. Nikasimama pembeni na sufuria yangu. Walikwenda mpaka mwisho wa shamba, wakageuka, wakarudi, na kaka alipopita karibu nami hakusimama, macho yake yalikuwa chini mbele ya plau, anaangalia inavyochana.